Tom Mboya, bwana afya wa Nairobi, na vumbi walilovuta wazee wetu

Hapa Mombasa jina la Tom Mboya likitajwa, wazee hukumbuka mgomo wa bandari wa 1955 na nyongeza ya mshahara iliyofuata. Vijana hukumbuka barabara ya Nairobi iliyojaa matatu, na sanamu iliyosimama Moi Avenue. Mimi leo nataka kumweleza kwa kazi yake ya kwanza, ambayo wengi wameisahau. Kabla ya vyama vya wafanyakazi, kabla ya bunge na uwaziri, Mboya alikuwa bwana afya. Alisomea kazi ya kukagua vitu vinavyowaua watu polepole bila kuonekana. Kwa hivyo kila nikisoma habari zake hunijia swali: ilikuwaje mambo ya kazi katika nchi hii yashikwe na mtu mwenye elimu hiyo, na bado vumbi la asbesto likawaingia wafanyakazi vifuani bila mtu kulihesabu?

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa mtu wa kisiwa cha Rusinga, ziwani, aliyekuja huko kutafuta kazi na akapanda hadi kuwa mnyapara. Shamba lilikuwa la jamaa ya McMillan, Mmarekani tajiri aliyepewa cheo na Waingereza. Ukitoka kuswali Msikiti wa Jamia pale katikati ya Nairobi, ukatazama ng'ambo ya barabara, utaona jumba la maktaba lenye jina lake, lililofunguliwa 1931. Kwa miaka mingi lilikuwa la Wazungu tu. Mtoto wa mnyapara angeweza kupita nje akalitazama, basi.

Nimetaja mkonge kwa makusudi. Ndugu zetu wa Vipingo na Kilifi wanaijua kazi hiyo: ukishakata na kusaga na kuanika, zinakuja singa kavu, na pale zinapopigwa brashi hewa hujaa vumbi. Anayefanya kazi hapo miaka mingi hukohoa. Mboya alikulia mahali pa namna hiyo, kati ya watu waliolipwa kwa siku na kuondoka na vifua vyao kama vilivyo.

Alisoma Kabaa, akaenda Yala, kisha akaingia Mang'u kwa mapadri. Karo ikamshinda babake, maana kulikuwa na wadogo wengine wa kusomeshwa. Ndipo mwaka 1948 akachagua mafunzo yasiyohitaji karo, tena yenye posho kidogo: shule ya wakaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, upande wa magharibi wa Nairobi. Leo mahali hapo ni chuo cha serikali cha kuwafunza maofisa. Wanafunzi walimchagua awe kiongozi wao, na huko ndiko alikoanza kuzoea kusimama mbele ya wakubwa na kuzungumza bila kutetemeka.

Cheti alichosomea kilikuwa cha Royal Sanitary Institute ya London. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari. Huko Uingereza, miaka 18 kabla Mboya hajaingia Kabete, mkaguzi wa viwanda aitwaye Merewether alikuwa ameshatoa ripoti kwa serikali kuhusu wafanyakazi wa asbesto. Alipima wafanyakazi 363 akakuta zaidi ya robo yao mapafu yameanza kuwa magumu kama ngozi iliyokaushwa. Mwaka 1931 Uingereza ikatunga kanuni za kudhibiti vumbi hilo viwandani. Mwaka 1955 Richard Doll akaonyesha kwamba wafanyakazi wa asbesto walikuwa wakipata saratani ya mapafu kupita watu wengine. Na mwaka 1960, Afrika Kusini, Wagner na wenzake wakaandika juu ya wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, wengi wao watu wa eneo la migodi ya Cape Kaskazini. Wengine kati yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini hata siku moja. Waliishi karibu tu.

Elimu ilikuwapo, basi. Lakini bwana afya Mwafrika wa Nairobi hakutumwa kuangalia mapafu ya wafanyakazi. Kazi yake ilikuwa soko, nyama, maziwa, mikahawa, mifereji, vyoo na panya. Mwaka 1951, ambao Mboya aliajiriwa na halmashauri ya jiji, ndio mwaka ambao Sheria ya Viwanda ya Kenya ilianza kutumika, tarehe 1 Septemba. Ukaguzi wa viwanda ukawekwa chini ya idara ya kazi. Wa jiji akague jikoni, wa idara ya kazi akague mashine. Vumbi la karakana likabaki kwenye mpaka wa ofisi mbili, na kila aliyewahi kufuatilia jambo serikalini anajua kinachotokea mpakani.

Alipokuwa kwenye kazi hiyo yalimpata mambo yaliyomgeuza. Wakaguzi wa Kizungu walilipwa zaidi kwa kazi ileile. Siku moja, alipokuwa peke yake akipima maziwa, mama mmoja wa Kizungu aliingia, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu mle ndani. Mboya alimuuliza kama macho yake yana kasoro. Kisa hicho amekieleza mwenyewe katika kitabu chake, na husimuliwa sana kwa kuchekesha. Kwangu mimi hakichekeshi sana, kwani mfanyakazi asiyeonekana akiwa amesimama wima mbele ya meza, nani ataona kilichomo ndani ya kifua chake?

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Chama cha watumishi Waafrika wa jiji alikigeuza kuwa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa mwaka 1952. Hali ya hatari ikatangazwa Oktoba mwaka huohuo, viongozi wengi wa wafanyakazi wakatiwa ndani. Makhan Singh na Fred Kubai walikuwa wameshakamatwa tangu Mei 1950. Mboya, kijana wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka 1953, akaachana na kazi ya jiji. Operesheni Anvil ya Aprili 1954 ilipozoa maelfu ya watu Nairobi, yeye alibaki nje akiwa karibu sauti ya pekee iliyoruhusiwa kusema.

Sasa tuje kwetu. Machi 1955 makuli wa Kilindini waliweka chini magunia. Mji huu ulikuwa haujasahau mgomo mkuu wa Januari 1947 na Chege Kibachia aliyehamishwa hadi Kabarnet kwa ajili yake. Mboya akaja Mombasa, akakutana na watu waliokuwa hawamjui vizuri, akawashawishi warudi kazini ili kesi yao isikizwe, kisha akawasimamia mbele ya mahakama ya usuluhishi. Wakapata asilimia 33. Kwa kijana asiyetimiza miaka 25, asiye mtu wa Pwani, hilo lilikuwa jambo kubwa, na wazee hawakosei kulisifu.

Lakini tazama kilichokuwa mezani: shilingi. Makuli alipandishiwa thamani ya siku yake, na yaliyokuwa yakiingia puani mwake hayakuwa na bei. Lawama yote siwezi kumtwika Mboya. Mtu mwenye njaa humtetei kwa kuanza na hewa anayovuta. Hata hivyo mpango wa kujadiliana kazi kwa shilingi peke yake ulianza kukomaa siku zile, na tumeurithi ulivyo.

Asbesto ilikuwa kila mahali wakati huo, nayo ilionekana kuwa neema. Haishiki moto, haiozi, ni rahisi. Injini za mvuke duniani kote zilivikwa asbesto kwenye bwela ili joto lisipotee. Mabomba ya meli na ya viwanda hivyohivyo. Breki za magari pia. Ikichanganywa na saruji ilitoa mabati ya kijivu ambayo bado yapo juu ya nyumba za watumishi na madarasa mengi nchini, Pwani ikiwemo. Bati likiwa zima halina neno kubwa. Likikatwa kwa msumeno, likivunjwa au likisuguliwa kwa brashi ndipo nyuzi hutoka, nyembamba mno kuonekana, na zikishaingia mapafuni hazitoki.

Ami yangu alikuwa fundi wa kuvika mabomba ya mvuke, katika karakana ambayo sitaitaja. Aliukoroga unga ule mweupe kwa mikono na maji, akiwa na leso puani siku alizokumbuka. Alipostaafu akaanza kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, na mara zote mbili makohozi yalipimwa yakakosa mdudu. Hakuna daktari aliyemuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Alipofariki, cheti kiliandikwa nimonia. Nadhani nyumba nyingi za Mombasa zina ami kama huyo.

Nirudi kwa Mboya. Baada ya mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, alirejea, akashinda kiti cha Nairobi katika uchaguzi wa Machi 1957, na Desemba 1958 akaongoza mkutano wa Waafrika wote kule Accra. Habari za ndege za wanafunzi waliokwenda Marekani kuanzia 1959 zimeandikwa mno, sina la kuongeza. Lililo muhimu zaidi kwa habari yangu ni mwaka 1962. Katika serikali ya mseto aliteuliwa Waziri wa Kazi. Idara iliyokagua viwanda ikawa chini ya mkono wake, yeye aliyesomea ukaguzi Kabete. Kama kulikuwa na wakati wa kuunganisha elimu ya bwana afya na mamlaka ya kiwandani, ulikuwa huo.

Mgomo ulikuwa juu ya mgomo mwaka huo, uhuru ukikaribia na wenye mitaji wakifungasha. Oktoba 1962 Mboya aliwaketisha waajiri, vyama na serikali wakatia saini Mkataba wa Uhusiano Kazini. Kiini chake kilikuwa kuvitambua vyama, kuzungumza kabla ya kugoma, na kupeleka mzozo kwa msuluhishi. Ulileta utulivu, na ndio uliozaa mahakama ya kazi mwaka 1964. Mimi nauheshimu mkataba huo. Ila ulijenga nyumba ya kutatua mizozo, na ugonjwa unaochukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza hauji na mzozo. Unakuja mtu akiwa mstaafu, chama kimeshamsahau, kampuni pengine imefungwa. Mwaka uliofuata Mboya alikuwa Waziri wa Sheria, kisha wa Mipango ya Uchumi, na mtu wa mipango huhesabu viwanda vingapi vimefunguliwa.

Sheria zilikuja taratibu. Kanuni za taka za 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Mwaka 2007 Sheria ya Viwanda iliyoanza Mboya akiwa mkaguzi kijana ilifutwa, ikaja sheria mpya ya usalama na afya kazini, pamoja na ile ya fidia inayotambua magonjwa yatokanayo na kazi. Kwa hivyo mwenye mzazi aliyevika mabomba, kutengeneza breki au kukata mabati ya kijivu, amweleze daktari kazi hiyo na miaka yake, na aombe iandikwe kwenye faili. Bila maandishi hayo hakuna pa kuanzia. Owino Uhuru, kule Changamwe, risasi ya kiwanda cha betri iliwadhuru watu, na mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Uamuzi huo ukapinduliwa, hadi Mahakama ya Juu ilipourejesha Desemba 2024. Walikuwa na vipimo vya damu mkononi, na bado ilichukua miaka hiyo yote. Wazee wa asbesto wengi wana kikohozi tu.

Miaka yake ya mwisho Mboya aliishi Lavington, mtaa uliokuwa wa Wazungu, si mbali sana na Kabete alikosomea. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba mchana hivi, alitoka katika duka la dawa barabara ya Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, akapigwa risasi mlangoni. Alikuwa na miaka 38. Misa yake ilifanyika katika kanisa la Holy Family, jirani kabisa na City Hall ya waajiri wake wa kwanza, huku nje watu wakirusha mawe na polisi wakijibu kwa gesi ya machozi. Akapelekwa Rusinga akazikwa kwa babu zake. Waliovuta vumbi mwaka ule wa mgomo wa Kilindini walikuwa bado na nguvu zao. Wengi wao wangeanza kukohoa katika miaka ya themanini.