Amiri Abdulkadir wa Aljeria

Amiri Abdulkadir bin Muhyiddin, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka 1223 wa Hijra, ndio 1808, karibu na Muaskar katika Aljeria, nyumbani mwa ilimu na tarika ya Kadiria. Mwaka 1832 watu walimpa baia, akapigana na Wafaransa miaka 15. Desemba 1847 aliweka silaha kwa ahadi ya kupelekwa Iskandaria au Akka. Ahadi ikavunjwa, akafungwa Ufaransa hata 1852, na baadhi ya jamaa zake wakafia kifungoni.

Kisha alihamia Sham, akisomesha Dimishki. Julai 1860 fitina ilizuka, Wakristo wakawa wanauawa. Amiri alitoka na Wamaghribi wake wenye silaha, akawaingiza Wakristo nyumbani kwake, balozi wa Ufaransa akiwamo. Wauaji walikuja mlangoni wakidai wapewe watu wale. Akawakatalia, naye yu tayari kupigana na Waislamu wenziwe, kwani damu ya aliye katika amani ya Waislamu ni haramu; na hapo ndipo ushujaa mgumu kuliko wa vitani. Maelfu waliokoka.

Ufaransa ile ile iliyovunja ahadi ilimletea nishani yake kubwa kabisa, naye akaipokea. Alifariki Dimishki mwaka 1883, akazikwa karibu na Sheikh Ibn Arabi.