Vitabu vitatu vilivyomtoa Michael Faraday dukani hadi maabara

Umeme wa kwenye mabwawa na mitambo ya gesi, ule unaochaji simu yako, unazalishwa kwa kanuni iliyogunduliwa mwaka 1831. Aliyeigundua ni Michael Faraday, Mwingereza ambaye hakukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi hata siku moja. Elimu yake kubwa aliipata kwenye vitabu vya wateja, alivyokuwa akivishona na kuvitia majalada.

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, eneo la Newington, ambalo leo ni sehemu ya jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi mwenye afya mbovu na nyumbani hali ilikuwa ngumu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1801, chakula kilipopanda bei, kijana huyo alikuwa akipewa mkate mmoja tu wa kula wiki nzima. Shuleni aliambulia kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi.

Akiwa na miaka 13 alianza kutumwa na George Riebau, muuza vitabu wa mtaa wa Blandford, kupeleka magazeti kwa wateja. Mwaka 1805 Riebau alimchukua awe mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa miaka saba, na hakudai ada ambayo mafundi wengi walitoza.

Kazi yake ilikuwa kwenye jalada, lakini Faraday alifungua na kusoma ndani. Bosi wake hakumkataza. Kati ya vyote vilivyopita mikononi mwake, vitatu ndivyo vilivyombadilisha.

Kilichomfundisha kujifunza

Cha kwanza ni The Improvement of the Mind cha mchungaji Isaac Watts. Kilimweleza mtu asiye na mwalimu afanye nini: awe na daftari la kuandika anayosoma, ahudhurie mihadhara, aandikiane barua na wenye kiu kama yake. Faraday alifuata kila kitu, kama mgonjwa anavyofuata maelekezo ya daktari. Mwaka 1810 alianza kwenda kwenye mihadhara ya sayansi ya John Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na kaka yake Robert, aliyekuwa mhunzi, ndiye aliyemsaidia kulipa.

Vilivyompa sayansi

Cha pili ni Encyclopaedia Britannica, iliyoletwa dukani kujalidiwa. Ndani yake alikuta makala ndefu kuhusu umeme. Akaokoteza chupa na vipande vya mbao, akatengeneza mashine yake ndogo ya umeme.

Cha tatu ni Conversations on Chemistry, kilichotoka mwaka 1806 bila jina la mwandishi. Ni mazungumzo ya mwalimu wa kike na wasichana wawili kuhusu kemia, kwa lugha rahisi. Faraday hakukubali tu kilichoandikwa. Kwa vijisenti alivyokuwa navyo alirudia majaribio aliyoyamudu, akakuta majibu yanalingana na kitabu. Hapo ndipo kemia ilipomnasa, na tabia ya kujaribu kwanza ndipo aamini hakuiacha tena.

Oktoba 1812: Muda unaisha

Baba yake alifariki mwaka 1810. Miaka saba ya uanagenzi ilikuwa ikimalizika Oktoba 1812, na mbele yake kulikuwa na maisha ya gundi na uzi mpaka uzee. Alimwandikia Joseph Banks, rais wa Royal Society, kuomba kazi yoyote ya sayansi. Hakujibiwa.

Mapema mwaka huohuo, mteja mmoja wa dukani, William Dance, alikuwa amempa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia maarufu, pale Royal Institution. Faraday alihudhuria mihadhara minne. Aliandika kila alichosikia, akachora vifaa, kisha akatumia ufundi wake kujalidi maandishi hayo yakawa kitabu cha kurasa zipatazo 300. Desemba alikituma kwa Davy mwenyewe.

Davy alivutiwa, ila nafasi haikuwepo, akamshauri abaki na ufundi wake. Wiki chache baadaye msaidizi wa maabara alifukuzwa kwa kupigana. Machi 1, 1813, Faraday akaajiriwa, akapewa na vyumba viwili vya ghorofa ya juu.

Kilichofuata

Mwaka 1821 aliufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku, mwanzo wa mota. Mwaka 1831 akaonyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme unazalishwa. Jenereta na transfoma zimetoka hapo.

Lakini vitabu havikumpa kila kitu. Hisabati za juu zilimshinda maisha yake yote, hivyo alieleza mawazo yake kwa majaribio na michoro ya mistari kuzunguka sumaku. Kazi ya kuyageuza kuwa hesabu aliifanya James Clerk Maxwell baadaye.

Kwa miaka mingi Faraday alikuja kumfahamu mwandishi wa kile kitabu cha kemia: mwanamke aitwaye Jane Marcet. Akawa anamtumia nakala za kazi zake kama shukrani kwa mwalimu wake wa kwanza.

Alikataa cheo cha Sir, na urais wa Royal Society, ileile ambayo rais wake hakumjibu, aliukataa mara mbili. Alifariki Agosti 25, 1867. Mihadhara aliyowapa watoto wakati wa Krismasi kuhusu mshumaa unavyowaka ilitolewa kitabu mwaka 1861, na hadi leo bado kinachapishwa.