Gunpei Yokoi: Fundi wa mitambo ya karata aliyeipa Nintendo ushindi na anguko

Na Mwandishi Wetu

KATIKA biashara ya michezo ya video, kampuni yaweza kuwa na wahandisi hodari na mashine inayowapita wapinzani kwa kila kipimo, na bado ikafa. Nyingine huingia sokoni na chombo kinachoonekana duni, kisicho hata na rangi, ikatawala kwa miaka mingi.

Aliyelielewa jambo hilo mapema kuliko wengi ni Mjapani Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo aliyefariki dunia mwaka 1997. Ndiye aliyeongoza utengenezaji wa Game Boy. Ndiye pia aliyeongoza utengenezaji wa Virtual Boy, chombo ambacho hakikumaliza hata mwaka mmoja madukani Japani.

Yokoi alizaliwa Septemba 10, 1941 katika jiji la Kyoto, akasomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha jijini humo. Mwaka 1965 aliajiriwa na Nintendo, ambayo wakati huo haikuwa na uhusiano wowote na kompyuta. Ilikuwa kampuni ya karata, iliyoanzishwa mwaka 1889, na kazi ya kijana huyo ilikuwa kuangalia mitambo ya kutengenezea karata isiharibike.

Hali ya kampuni haikuwa nzuri. Soko la karata lilishuka baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, na rais wake, Hiroshi Yamauchi, alikuwa amekwisha kujaribu kuuza wali wa kupika haraka na kuendesha teksi bila mafanikio ya maana.

Mitambo ilipokuwa haina hitilafu, fundi wake hakuwa na la kufanya. Yokoi akajitengenezea mkono wa vijiti vilivyopishana, unaorefuka na kushika kitu kilicho mbali. Yamauchi alimkuta akiuchezea, akamwita ofisini. Kijana alikwenda akijua anakwenda kukaripiwa kwa kupoteza saa za kazi. Badala yake aliagizwa kuugeuza mkono ule kuwa bidhaa. Ulitoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand na kuuzwa zaidi ya milioni moja.

Toka hapo Yokoi akawa mbunifu wa vitu vya kuchezea. Njia yake ya kazi ilikuwa kinyume cha ile inayosifiwa katika viwanda vya elektroniki. Hakukimbilia teknolojia mpya. Alitafuta ile iliyokwisha kuzoeleka, ambayo bei yake imeshuka na kasoro zake zinajulikana, kisha akaitafutia matumizi ambayo hayajawahi kufikiriwa.

Mfano wake mzuri ni Game & Watch. Akiwa ndani ya treni iendayo kasi, Yokoi alimwona mfanyakazi mmoja akipitisha muda kwa kubofyabofya vitufe vya kikokotoo. Wakati huo viwanda vya Japani vilikuwa vimeshindana kuuza vikokotoo hadi vioo vyake vikawa vya bei ya chini sana. Yokoi aliwaza juu ya mchezo mdogo wa mfukoni, ambao mtu mzima angeweza kuucheza bila kuona haya mbele za watu.

Wazo hilo lingeweza kuishia hapo. Lakini siku moja dereva wa Yamauchi aliugua, na Yokoi, aliyejua kuendesha magari ya kigeni yenye usukani upande wa kushoto, akatakiwa kumpeleka rais mkutanoni. Njiani alilitaja wazo lake. Mkutanoni Yamauchi aliketi karibu na rais wa Sharp, kampuni iliyotengeneza vioo vya vikokotoo, na mazungumzo ya biashara yakaanza. Game & Watch ilianza kuuzwa mwaka 1980, na jumla yake ilipita milioni 43.

Katika toleo la Donkey Kong la mwaka 1982, Yokoi aliweka kitufe kimoja chenye umbo la msalaba ili kidole gumba kiweze kuelekeza pande zote nne. Vidhibiti vingi vya michezo vinavyouzwa leo bado vina kitufe cha aina hiyo.

Mchezo wenyewe wa Donkey Kong ulizaliwa kutokana na hasara. Tawi la Nintendo nchini Marekani lilikuwa limekwama na takriban mashine 2,000 za mchezo wa Radar Scope, zile mashine kubwa za kutia sarafu, ambazo hakuna aliyezitaka. Kijana aliyeitwa Shigeru Miyamoto alipewa kazi ya kubuni mchezo mwingine wa kuingizwa ndani ya mashine hizo, na Yokoi akawa msimamizi wake. Mwaka 1981 mchezo huo uliliokoa tawi. Itakumbukwa kwamba ndimo alimotokea kwa mara ya kwanza mhusika ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Mario.

Miaka miwili baadaye soko la Marekani liliporomoka. Maduka yalifurika michezo mibovu iliyotengenezwa kwa pupa, wanunuzi wakakata tamaa, na Atari, iliyokuwa imetawala biashara hiyo, ikagawanywa mwaka 1984 na sehemu yake ya mashine za nyumbani kuuzwa. Wenye maduka hawakutaka tena kusikia habari za michezo ya video. Nintendo ilipoingia huko mwaka 1985, ilitanguliza roboti ndogo iliyobuniwa na kikosi cha Yokoi, ili mashine yao ionekane ni kitu cha kuchezea watoto. Roboti yenyewe haikuwa na kazi kubwa, na michezo yake ilikuwa miwili tu. Ilifungua mlango, basi.

Game Boy ilitoka Japani Aprili 21, 1989. Kioo chake kilikuwa cha rangi moja ya kijani kilichofifia, hakikuwa na taa, na usiku hakikuonekana. Mwaka huohuo Atari ilitoa Lynx, yenye rangi na mwanga, na mwaka 1990 Sega ikatoa Game Gear, nayo ya rangi. Ukiziweka tatu hizo mezani, hakuna ambaye angeichagua ya Nintendo kwa kuitazama tu.

Inasimuliwa kwamba mwenzake mmoja alimjia na habari kuwa mpinzani ametoa mashine ya mkononi. Yokoi aliuliza kama kioo chake ni cha rangi. Alipojibiwa ndiyo, akatulia.

Sababu ilikuwa betri. Lynx na Game Gear kila moja ilitumia betri sita ndogo na kuzimaliza kwa saa chache, tatu hadi tano. Game Boy ilitumia nne, zikadumu kwa saa 15 na zaidi. Nchini Marekani iliuzwa kwa takriban dola 90, wakati Lynx ilianza kwa dola 180. Mzazi yeyote anayenunua betri kwa fedha yake atakuwa ameshamaliza hesabu hiyo.

Aidha, Game Boy iliuzwa Marekani pamoja na Tetris, mchezo kutoka Urusi ambao haukuhitaji rangi wala maelezo. Pamoja na ndugu yake mwenye rangi aliyefuata mwaka 1998, iliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia karibu milioni 10. Kampuni ya Epyx, ambamo Lynx ilibuniwa, ilifilisika mwaka uleule mashine hiyo ilipotoka.

Hadi hapa mtu angeweza kudhani Yokoi alikuwa na kanuni isiyoshindwa. Virtual Boy inakataa.

Nayo ilijengwa kwa fikra zilezile. Ilitumia taa ndogo nyekundu kwa sababu zilikuwa rahisi na hazikula umeme mwingi, na ikampa mchezaji picha zenye kina mbele ya macho yake. Lakini ilisimama juu ya meza kwa miguu miwili, hivyo mchezaji hakuweza kutembea nayo. Aliyekuwa pembeni hakuona chochote. Picha zote zilikuwa nyekundu juu ya weusi, na wengi walilalamika kuumwa kichwa na shingo. Nintendo yenyewe ilionya kwamba watoto wa chini ya miaka saba wasiitumie.

Ilitoka Julai 1995, wakati nguvu kubwa ya kampuni ilikuwa imeelekezwa kwenye Nintendo 64. Michezo yake ilikuwa 22 tu, na mauzo yakafika takriban 770,000 kabla ya kuondolewa sokoni. Kwa maoni ya mwandishi, kosa la Virtual Boy halikuwa teknolojia bali swali lililosahaulika, lile ambalo abiria wa treni alikuwa amelijibu: chombo hiki kitatumiwa na nani, na akiwa wapi?

Nintendo haikutetereka. Game Boy iliendelea kuuzwa, na fedha zake zilifunika hasara. Kwa kampuni yenye bidhaa moja tu, anguko kama hilo lingekuwa mwisho, na hilo ndilo lililozipata nyingi zilizokuwa na wabunifu wasiopungukiwa na chochote.

Yokoi aliondoka Nintendo Agosti 1996 baada ya miaka 31. Wengi walisema anaadhibiwa kwa ajili ya Virtual Boy. Yeye alikanusha, akieleza kuwa nia ya kujitegemea alikuwa nayo tangu zamani. Alianzisha kampuni yake ndogo, Koto, papo hapo Kyoto, na kuanza kubuni mashine mpya ya mkononi kwa ajili ya kampuni ya Bandai, mshindani wa Game Boy.

Hakuiona ikiuzwa. Oktoba 4, 1997, gari alilopanda liligongana na lori kwenye barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa. Yokoi aliteremka kuangalia uharibifu, na gari jingine likamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Mashine yake, WonderSwan, ilitoka Machi 4, 1999. Kioo chake hakikuwa na rangi, bei yake ilikuwa yeni 4,800, na ilitumia betri moja tu, iliyodumu zaidi ya saa 30. Miongoni mwa michezo ya kwanza kutoka nayo ulikuwamo mmoja wa kuunganisha mistari, uliopewa jina la Gunpey.