John Holland, mwalimu wa nyambizi

Namkumbuka John Holland kwa sababu alikuwa mwalimu, na alihama kwao kama wengi wetu. Alizaliwa Liscannor, Ireland, katika nyumba ya Kiayalandi. Mwaka 1873 alivuka bahari kwenda Marekani, akafundisha Paterson, New Jersey. Mwaka 1875 aliwapelekea wanamaji mchoro wa nyambizi, wakaukataa.

Fedha alizipata kwa Waayalandi wenzake wa uhamishoni, waliotaka kuipiga Uingereza. Chombo cha kwanza kilijaribiwa mwaka 1878 katika mto Passaic. Mapezi yake ya kuzamia yalikuwa katikati ya ubavu, yakashindwa kukiinamisha vizuri. Wanafunzi wangu huwaambia wasukume mlango karibu na bawaba, kisha karibu na kitasa. Hesabu ndiyo hiyo. Katika Fenian Ram ya mwaka 1881 mapezi yalihamia nyuma kabisa. Nyambizi ikawa inainamisha pua na kuzama kwa nguvu ya mwendo, bila kujazwa maji hadi ielemewe. Injini ikizimika, inaibuka yenyewe. Mwaka 1883 wafadhili haohao wakamwibia chombo hicho. Wenzake wenyewe!

Marekani ilinunua Holland VI tarehe 11 Aprili 1900 kwa dola 150,000, lakini kampuni ilikwisha kushikwa na matajiri. Yeye akaondoka mwaka 1904.

Alifariki Newark tarehe 12 Agosti 1914. Tarehe 22 Septemba nyambizi moja ya Wajerumani ilizamisha manowari tatu za Uingereza asubuhi moja.