Mutia Omoolu, Mbeba Bunduki wa Sinemani

Ukiwauliza vijana hapa Kisumu habari za mabingwa wa sinema watakutajia Bruce Lee na Jackie Chan, basi. Leo ninawaletea mtu wa Afrika Mashariki aliyesimama mbele ya kamera wakati babu zetu wengi hawajaona sinema hata moja.

Mwaka 1929 kampuni ya MGM ya Marekani ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke huku kwetu kutengeneza Trader Horn, hadithi ya mzungu mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Walipita Kenya na Uganda, wakafika hadi maporomoko ya Murchison. Maji yale sisi tunayajua! Ni ya Nam Lolwe yetu: hutokea Jinja, hupitia Kyoga, hujibana mwambani penye upana wa mita 7 hivi, kisha huanguka zaidi ya mita 40. Na mamba wa pale si wa kuchezea.

Mutia alipewa nafasi ya Rencharo, mbeba bunduki wa Horn. Horn mwenyewe aliigizwa na Harry Carey, nyota wa sinema za makauboi. Kazi ilikuwa ya hatari kweli. Inasimuliwa kwamba Mwafrika mmoja katika msafara alianguka mtoni akaliwa na mamba, na mwingine akauawa na kifaru huku kamera inapiga tu. Mzungu Edwina Booth, aliyecheza naye, aliugua sana, akaishtaki kampuni, wakamalizana kwa malipo. Wale Waafrika wawili hata majina yao hayamo katika orodha ya sinema.

La Mutia limo, pamoja na ya wazungu. Jamani, hilo si jambo dogo. Miaka ile mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimishwa kutembea na kipande shingoni!

Sinema za sauti ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia, na sauti nyingi zilizonaswa porini hazikufaa. Basi Mutia na mwenzake Riano Lindami wakavushwa bahari hadi Culver City, California, kurudia sehemu kadhaa. Filamu ilitoka 1931, ikashindania Oscar ya filamu bora, ikashindwa na Cimarron. Jinsi inavyowaonyesha Waafrika kama washenzi, mimi siwezi kuitetea. Lakini Rencharo anapokufa, kifo chake kinauma kuliko mapenzi yote ya wale wazungu.

Kumbe Mzee Jomo Kenyatta naye alipita njia hiyohiyo! Akiwa Uingereza alicheza sehemu ndogo katika Sanders of the River, iliyotoka 1935, nyota wake akiwa Paul Robeson. Katika orodha ya waigizaji, jina la Mzee halikuandikwa.