Yasuke, Mwafrika Aliyevaa Upanga wa Japani

Vijana wengi wa mji wetu wa Bujumbura hupenda sinema za mashujaa wa Japani, na hasa upanga wao uitwao katana. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa zaidi ya miaka 440 iliyopita Mwafrika mmoja alivaa upanga katika nyumba ya mtawala mkubwa wa nchi ile. Jina lake lililoandikwa ni Yasuke. Nataka kuwaeleza habari za maisha yake, maana zina mafundisho kwetu sisi wanafunzi, na kwa ndugu zetu waliokwisha kumaliza masomo pia.

Padre Mfaransa, François Solier, aliandika mwaka 1627 kwamba mtu huyu alitoka Msumbiji. Siku zile Wareno walikuwa na ngome yao kisiwani Msumbiji, na merikebu zao zilikwenda na pepo za msimu mpaka Goa katika Bara Hindi, kisha Malaka na Makao, hata Japani. Yasuke alifika Japani mwaka 1579 katika utumishi wa padre Mwitalia, Alessandro Valignano, mkaguzi wa misioni za Wajesuiti katika Asia. Shirika hilohilo ndilo lililoanzisha Koleji ya Roho Mtakatifu hapa mjini kwetu katika miaka ya 1950.

Mwezi wa Machi 1581 Padre Valignano alikwenda Kyoto, mji mkuu, na Yasuke akafuatana naye. Watu wa Kyoto hawakuwa wamezoea kumwona mtu mweusi. Walijaa mbele ya nyumba ya mapadre, wakasukumana, wakavunja mlango, na wengine wakaumia katika msongamano ule. Kelele zikamfikia Bwana Oda Nobunaga, aliyekuwa na nguvu kuliko wakuu wote wa Japani wakati ule. Akaamuru mgeni aletwe mbele yake. Alipomwona hakusadiki kwamba rangi ile ni ya kuzaliwa. Akadhani ni wino. Akamwambia avue nguo mpaka kiunoni, akaoshwa na kusuguliwa. Bila shaka rangi haikutoka.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Mtu anasimama mbele ya wageni, anasuguliwa kama sufuria, na wote wanamtazama. Wengine wangeona uchungu moyoni na kukaa kimya maisha yao yote. Yasuke alikuwa amekwisha kujifunza Kijapani kidogo, akaweza kujibu alipoulizwa. Nobunaga akapenda sana kuzungumza naye. Mpwa wake akampa zawadi ya sarafu 10,000 za shaba, na muda si muda Yasuke akaingia katika utumishi wa Nobunaga mwenyewe.

Habari za Nobunaga zilizoandikwa na mtumishi wake zasema kwamba Yasuke alikuwa kijana wa miaka 26 au 27, mwenye nguvu kupita watu kumi. Mkuu mwingine, Matsudaira Ietada, alimwona mwaka 1582 akaandika urefu wake, ambao kwa vipimo vyetu unazidi sentimita 180. Nakala moja ya habari zile yaongeza kwamba alipewa mshahara, nyumba, na upanga mfupi wenye mapambo, tena pengine alichukua silaha za bwana wake. Nobunaga alikaa katika ngome ya Azuchi, kando ya ziwa kubwa la Biwa, kama sisi tukaavyo kando ya Tanganyika.

Hapa yafaa niseme machache juu ya panga hizo. Upanga wa Kijapani ni kitara, yaani umepindika kidogo. Wahunzi huyeyusha mchanga wa chuma pamoja na makaa ya miti katika tanuru, muda wa siku tatu usiku na mchana. Makaa hutia kaboni ndani ya chuma, kikawa pua. Mhunzi huipiga nyundo na kuikunja mara nyingi ili itoke takataka. Kisha huweka pua ngumu nje na chuma laini zaidi ndani. Mwisho hupaka udongo, mwingi mgongoni na mwembamba kwenye makali, hutia upanga motoni, halafu majini. Makali hupoa upesi yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole ukabaki na ulaini wa kustahimili pigo. Hapo ndipo upanga unapopindika. Siku hizi viwanda vya nchi nyingi hutengeneza panga za mfano huo, nazo huuzwa zikiwa zimechorwa nembo za koo za Kijapani. Namba 1095 ya pua zao yaonyesha kwamba katika kila sehemu 100 kuna kaboni karibu sehemu moja.

Lakini tusidhani ufundi huo ulikuwa mgeni kwa Waafrika. Wahaya, jirani zetu wa magharibi ya Ziwa Viktoria, walitengeneza pua tangu yapata miaka 2,000 iliyopita, wakichoma matete ya bwawani katika shimo la tanuru na kuvukuta mifuo. Wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walitangaza habari hizo mwaka 1978. Na katika Burundi wahunzi wa kale walifua mikuki na majembe, na jembe lilikuwa sehemu ya mahari. Kwa hiyo Mwafrika aliyeshika upanga wa Japani hakutoka katika bara lisilojua moto wa mhunzi.

Sasa nieleze mwisho wa utumishi wake. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni 1582 Nobunaga alilala katika hekalu la Honnoji, Kyoto, pamoja na watu wachache. Jemadari wake mwenyewe, Akechi Mitsuhide, akageuka msaliti. Nembo ya ukoo wa Oda ilikuwa kama ua la majani matano. Nembo ya Akechi nayo ilikuwa ua, liitwalo kikyo. Asubuhi ile askari wa Akechi walilizunguka hekalu kwa maelfu. Hekalu likawaka moto, na Nobunaga akajiua humo.

Yasuke alikuwapo, akatoka salama. Kanisa la mapadre lilikuwa karibu sana, mtaa mmoja tu. Mapadre walimjua, na mlango wao ungefunguliwa. Hakwenda kwao. Alikwenda kwa Nobutada, mwana wa Nobunaga, aliyekuwa akizingirwa na adui walewale, akapigana huko muda mrefu. Hata mwisho mtu wa Akechi akamkaribia na kumtaka atoe upanga wake, naye akautoa. Mitsuhide alipoulizwa afanywe nini, alisema kwamba huyu ni mnyama asiyejua kitu, wala si Mjapani, basi asiuawe. Apelekwe kanisani kwa mapadre. Padre Luis Frois ndiye aliyeyaandika haya mwaka ule ule. Baada ya hapo maandishi hayamtaji Yasuke tena.

Wako watakaosema kwamba alikosea kutoa upanga. Mimi sioni hivyo. Asubuhi ile alikwisha kutoka katika moto mmoja, akaingia katika wa pili kwa hiari yake, kwa ajili ya mwana wa bwana aliyemtunza. Alipoutoa upanga, uaminifu wake ulikuwa umekwisha kuonekana. Tumtazame na yule aliyemwita mnyama. Alikuwa mtu wa ukoo, mwenye nembo na askari wengi, naye alimwasi bwana wake alfajiri. Siku 11 baadaye alishindwa vitani Yamazaki, akauawa akikimbia.

Jina la Yasuke halikupotea. Mwaka 1968 mwandishi Mjapani, Kurusu Yoshio, alitunga kitabu cha watoto juu yake, na katika miaka hii ametiwa katika sinema za katuni na michezo ya kompyuta. Huko huonekana akikata vichwa tangu mwanzo hata mwisho. Ni afadhali tumkumbuke kwa yaliyoandikwa na watu wa zamani zake. Nchi yetu imeona damu ya kutosha, wala hatuna haja ya kufundishwa kusifu makali ya upanga.

Ndugu zangu, nembo ya ukoo mtu huikuta nyumbani anapozaliwa. Yasuke hakuikuta. Alikuwa mbali na kwao, akajifunza lugha ya watu, akavumilia dharau, na siku ya hatari alijua mahali pa kusimama. Sisi tutakaotawanyika mwaka ujao, wengine Kigali, wengine Dar es Salaam, wengine hata Ulaya, tutakutana na watakaotusugua ili waone kama rangi inatoka. Siku hiyo tumkumbuke Yasuke.