Mama Katharina, mjane wa Martin Luther

Jina la Martin Luther tunalijua sote. Leo tunawapasha habari za mke wake.

Katharina von Bora alizaliwa mwaka 1499 katika nchi ya Saxony, Ujerumani. Alilelewa na watawa tangu utoto. Pasaka ya mwaka 1523 alitoroka pamoja na masista wenzake, na tarehe 13 Juni 1525 akaolewa na Luther katika mji wa Wittenberg.

Mtawala wa nchi aliwapa nyumba kubwa na mshahara wa gulden 200 kwa mwaka. Feza hizo hazikutosha, kwa maana nyumba ilijaa wageni, na Luther hakujua kumnyima mtu. Mama Katharina akalima, akafuga ng'ombe na samaki, akapokea wanafunzi waliolipa chakula na malazi. Alizaa watoto 6. Wawili walitangulia kufa.

Mwaka 1542 Luther aliandika wasia, mali yote iwe ya mke wake. Lakini alipokufa tarehe 18 Februari 1546, mshahara ukakoma, na wakubwa wa sheria wakaupinga wasia ule, kwa kuwa desturi ya Saxony haikumtaka mjane arithi hivyo. Mtawala alimtetea, lakini watoto waliwekewa walezi. Kisha vita ikaja. Mama akakimbia na watoto wake. Aliporudi mwaka 1547, mashamba yalikuwa yameharibika na mifugo imekwisha. Akakopa, akamwandikia mfalme wa Denmark kuomba msaada. Mwaka 1552 alikimbia tauni, akaumia njiani, akafa katika mji wa Torgau tarehe 20 Desemba.

Wapendwa, jina la mume lilienea dunia yote, lakini mjane wake aliomba chakula. Je, kwetu si hivyo? Mchungaji anazikwa kwa nyimbo na maua, kisha jamaa wanachukua vitanda, na mama anaambiwa aondoke katika nyumba ya kanisa. Sisi mashemasi tusisahau: katika Matendo ya Mitume 6, wale saba walichaguliwa kwa sababu wajane walisahauliwa. Basi tupange mapema, mtumishi akiwa hai: mjane atakaa wapi, watoto watasomeshwa na nani, sadaka gani itatengwa kila mwezi. Tusingoje siku ya matanga. Amina.